Je, wajua kwa nini chuo cha Nairobi kiliivunja Idara ya Kiingereza?

Mwanafunzi anayesomea sheria Nairobi, kisha akachukua fasihi linganishi, yaani kusoma fasihi za jamii na lugha tofauti kwa kuzilinganisha, kama somo dogo la shahada, lazima aulizwe na mjomba nyumbani: "Na hiyo itakupa kazi gani?" Ni swali la haki. Ila liko jingine linalolitangulia: unalinganisha nini na nini, nawe umesimama wapi?

Hilo lilishawahi kuzua mjadala mkali hapa hapa. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wasomi waliokuwa chuoni hapo, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Wakati huo Nairobi ilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walichokataa ni Uingereza kuwa kitovu na Afrika kuwa nyongeza. Walitaka tuanze na kwetu, fasihi simulizi ikiwemo, ndipo tuwatazame wengine. Mjadala uliishia kwa kuundwa kwa Idara ya Fasihi. Miaka mingi baadaye, Ngũgĩ alikuwa profesa wa Kiingereza na fasihi linganishi kule Irvine, California.

Tofauti inaonekana ukishika mfano. Fumo Liyongo wa pwani hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Lwanda Magere wa Wajaluo ana mwili wa jiwe. Uhai wake umo kivulini. Samsoni wa Biblia nguvu zake ziko kwenye nywele. Wote watatu wanaponzwa na mtu wa karibu. Mwanafunzi mvivu ataishia hapo, aandike "mashujaa wanafanana", na ni sawa akipewa alama chache.

Kazi inaanza kwa kuuliza nani alisaliti. Delila analipwa fedha na Wafilisti. Mke wa Magere ametoka kwa Wanandi, maadui zake. Lakini Liyongo anauawa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Kwa nini damu yake mwenyewe? Nionavyo mimi, wale wawili wa kwanza ni visa vya vita kati ya jamii mbili, kwa hiyo msaliti anavuka mpaka. Kisa cha Liyongo ni ugomvi wa kiti ndani ya ukoo mmoja, na adui hana haja ya kuvuka popote. Ukianza na Samsoni kama kipimo, mtoto huyu utamwona kama kioja tu. Ukianza na Liyongo, Delila ndiye anayehitaji maelezo.

Kuhusu kazi: wakili hushinda akisikiliza masimulizi mawili ya tukio moja na kujua yanapoachana. Hayo yanatosha kumjibu mjomba.

Jambo gumu ni lugha, maana somo hili linataka usome maandishi yenyewe, si tafsiri peke yake. Kijana wa Nairobi mwenye Kiswahili, Kiingereza na lugha ya nyumbani ameshatangulia. Ila kama hajui Kijaluo, kwa Magere itambidi amtafute anayekijua.