Mafuta huelea, lakini sumu yake huzama

Wengi husema mafuta ghafi yakimwagika baharini huelea juu, hivyo samaki walio chini hawadhuriki. Utando ukishatoweka, mambo yamekwisha. Nusu ya kwanza ni kweli, maana mafuta mengi huelea. Tatizo ni kwamba mawimbi huyavunja kuwa matone madogo madogo, na baadhi ya kemikali zake huyeyuka majini bila kuonekana.

Samaki mzima anaweza kukimbia, na ini lake huzivunja nyingi ya kemikali hizo zikatoka kupitia nyongo. Yai halina pa kukimbilia. Lina mafuta yake ndani, nayo hunyonya sumu. Tazama kiinitete (kijisamaki kinachokua ndani ya yai) cha samaki aitwaye heringi, kilichoguswa na mafuta: moyo, ulio kama nukta inayodunda, hupiga polepole na kwa kurukaruka, majimaji hujaa kuuzunguka, uti wa mgongo hupinda. Wengine huanguliwa wakionekana wazima kabisa (hapo ndipo macho hutudanganya), kumbe moyo ni dhaifu na kuogelea ni kwa shida.

Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipasuka na kumwaga mafuta ghafi huko Alaska, Marekani, Machi 1989. Katika vijito vilivyopakwa mafuta, mayai ya samoni waridi, samaki wanaotaga mtoni na kukulia baharini, yaliendelea kufa kupita kiasi hadi mwaka 1993, kwa sababu mafuta yalibaki chini ya changarawe muda mrefu baada ya maji kung'aa tena. Na samoni waliokuzwa kwa majaribio kutoka mayai yaliyoguswa na mafuta kidogo tu walirudi kutoka baharini wakiwa wachache kuliko wale ambao mayai yao hayakuguswa.