Saketi ikikatika, volti haziondoki

Nimeletewa tena fyuzi ya pikipiki. "Fundi, nimeipima ncha kwa ncha, inasoma volti 12. Ni nzima." Hapana! Imesoma volti 12 kwa sababu imeungua.

Watu wengi wanaamini volti hupita ndani ya waya, kwa hiyo pasipopita kitu hapana volti. Kinachopita ni mkondo, nao tunaupima kwa ampea. Volti ni tofauti kati ya nukta mbili. Ukiuliza "hapa pana volti ngapi" ni kama kuuliza Morogoro ni kilomita ngapi. Kutoka wapi?

Chukua betri ya volti 12, fyuzi, swichi na balbu, vyote kwa mfululizo. Kila kitu kikiwa kizima na swichi imewashwa, fyuzi inasoma karibu sifuri, swichi vilevile, balbu inabeba karibu zote 12. Fyuzi ikiungua, mkondo unakatika, na ukinza (kinachozuia mkondo) wa balbu usiopitiwa na mkondo hauna volti kati ya ncha zake. Lakini betri bado ina 12, na mwanafizikia Mjerumani Kirchhoff alishasema tangu 1845 kwamba ukizunguka saketi nzima lazima hesabu ifunge: volti za betri zilingane na jumla ya volti za vifaa vyote. Basi zote 12 zinakaa pale palipokatika.

Ila zima na swichi, kisha pima ile fyuzi mbovu: karibu sifuri! Ndiyo maana sipendi kupima fyuzi ncha kwa ncha. Washa swichi, weka waya mweusi wa mita (kifaa cha kupimia volti) kwenye hasi ya betri, pima kila upande wa fyuzi. Upande mmoja 12, mwingine sifuri: itupe.

Swichi ya ukutani iliyozimwa nayo ina volti 230 kati ya skrubu zake, taa ikiwa bado imeungwa. Anayesema "nimezima, hakuna umeme" kisha akashika bisibisi ananitia hofu kweli. Zima meni swichi, halafu pima.

Na wengi husahau jambo moja: mita nayo ni sehemu ya saketi. Unga rezista mbili (vipande vya ukinza) za megaohmu 1, yaani ohmu milioni moja kila moja, kwa mfululizo kwenye volti 12. Hesabu inasema 6 kwa 6. Mita ya kawaida ya dijitali, yenye ukinza wa megaohmu 10, itakuonyesha kama 5.7 kwenye kila moja. Hakuna volti iliyopotea. Kila unapogusisha mita, unaibadilisha saketi unayoipima. Kwenye rezista za kiloohmu 1 (ohmu elfu moja) hutaona tofauti hiyo.