Umbali wa ndege kati ya viwanja viwili vya mbali: dhana potofu na ukweli

Dhana: Njia fupi ni ile inayochorwa kwa rula juu ya ramani.

Abiria wanaotoka Dubai kwenda Los Angeles, wakiwemo wanaounganisha safari zao kutoka Nairobi au Dar es Salaam, hushangaa kuona kwenye skrini ndege ikipandisha kuelekea Ncha ya Kaskazini, ilhali ramani ya ukutani inaiweka Los Angeles upande wa magharibi. Rubani hazunguki. Dunia ina umbo la tufe, na njia fupi juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia yenyewe. Kati ya viwanja hivi viwili, njia hiyo ina urefu wa kilomita 13,400 hivi, nayo hupita zaidi ya nyuzi 84 kaskazini. Ukifuata mstari ulionyooka wa ramani ya Mercator, utasafiri takriban kilomita 16,800. Ramani hiyo ilitolewa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia waliohitaji kushika mwelekeo mmoja wa dira, na kwa kazi hiyo inafaa sana; kupima masafa marefu si kazi yake.

Dhana: Inatosha kuzidisha tofauti ya nyuzi kwa kilomita 111.

Kwa latitudo, kanuni hiyo inakaribia ukweli popote. Kwa longitudo inafaa kwenye Ikweta tu, kwa sababu mistari ya longitudo husogeleana kadiri inavyokaribia ncha, hata kufikia Helsinki uzi mmoja umebaki na nusu ya urefu huo. Hesabu sahihi haihitaji zaidi ya trigonometria ya sekondari. Chukua Nairobi (nyuzi 1.3 kusini, 36.9 mashariki) na uwanja wa John F. Kennedy wa New York (40.6 kaskazini, 73.8 magharibi). Longitudo ziko pande mbili tofauti, kwa hiyo hujumlishwa: 110.7. Zidisha saini za latitudo mbili, ukikumbuka kuwa ya kusini ni hasi. Kisha ongeza zao la kosaini zake na kosaini ya 110.7. Jibu ni kama -0.283, ambayo ni kosaini ya nyuzi 106.5, na kila uzi wa duara kuu una kilomita 111.2. Umbali ni takriban kilomita 11,840. Kwa kuwa dunia imebonyea kidogo kwenye ncha, jibu la namna hii huweza kukosea kwa karibu nusu asilimia, kosa dogo kwa msafiri wa kawaida.

Dhana: Kuruka juu sana huongeza umbali mwingi.

Kwenye kimo cha kilomita 11, safari nzima ya Dubai na Los Angeles huongezeka kilomita 23 hivi tu.

Dhana: Saa za safari zikizidishwa kwa mwendo wa ndege hutoa umbali.

Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York huchukua saa 15 hivi, na kurudi 14, kwa sababu pepo kali za anga la juu huvuma kuelekea mashariki. Njia za angani nazo hubadilika. Helsinki na Tokyo zimetengana kwa kilomita 7,800 hivi. Lakini anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari iliyochukua saa tisa na ushei ilifikia saa 13.