Rangi zikigombana kwenye mfarishi, anza na giza lake

Mama mmoja aliniletea furushi la mabaki ya vitenge, sare za harusi tatu za ukoo wao. "Fundi, nishonee tandiko la viraka, kitanda chetu ni tano kwa sita. Tumia vyote, usinitupie hata kimoja." Nikavimwaga barazani kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma, saa saba mchana. Chungwa, nyekundu, kijani, zambarau, jamani, vilipendeza! Nikakata miraba 56 ya sentimita 25, nikaunga mistari minane, kila mmoja miraba saba. Jioni, taa hazijawashwa, nikautandika mfarishi huo wa viraka kitandani nione.

Tope tupu. Rangi zote zilikuwapo, ila zilikuwa zimelaliana.

Kosa lilikuwa langu. Nilichagua rangi nikasahau giza lake, yaani imekolea au imefifia kiasi gani. Nyekundu na kijani ni mbali sana kwa jina, lakini vipige picha kwa simu, igeuze iwe ya nyeusi na nyeupe, uone: mara nyingi ni kijivu kilekile. Mchoro wa mfarishi unaonekana pale ambapo cheusi kimekutana na cheupe, hata kama rangi zenyewe ni mbili tu. Mwanga ukipungua jioni mambo huzidi, maana nyekundu huwahi kuzama gizani kuliko bluu. Na jua letu la mchana hapa, kali namna hii, halifai kuchagulia kitu. Mimi siku hizi nachagua saa kumi, kivulini, halafu narudia ndani chini ya taa, kwa sababu mfarishi unaishi chumbani.

Kabla ya mkasi napanga mafungu matatu sakafuni: giza, kati, mwanga. Nafinya macho mpaka maua ya kitenge yapotee, kibaki kivuli chake tu. Mabaki ya vitenge karibu yote huangukia fungu la kati. Damu ya mzee na bluu iliyokolea zitakwenda kwenye giza, lakini fungu la mwanga huwa halina kitu. Hapo naenda sokoni Majengo kununua marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Bafta sipendi kwa kazi hii. Weupe wake ni mkali mno kando ya kitenge, na vumbi letu jekundu hulipenda. Marekani ina rangi ya maziwa, inatulia.

Rangi jirani nayo ina maneno yake. Huko Paris, kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mkemia Michel Eugène Chevreul aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepakwa rangi hafifu. Akachunguza, akakuta nyuzi hazina kosa. Zilififishwa na rangi zilizowekwa kando yake. Mwaka 1839 akachapisha kitabu juu ya jambo hilo. Kwa hiyo kipande kikionekana kibaya, usikitupe kwanza. Kihamishe.

Turudi kwa yule mama. Bahati nilikuwa sijaweka bitana wala blanketi la ndani. Nilichukua wembe, nikafumua mishono saba tu, ile mirefu inayounga mstari na mstari, nikapachika humo vipande virefu vya kaniki vyenye upana wa sentimita 5. Mfarishi ukarefuka kwa sentimita 35, ukafunika vizuri zaidi. Chungwa likaamka papo hapo. Kaniki lakini huchuja sana: niliifua mara tatu, kisha nikaweka kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake nikapiga pasi, mpaka kikatoka kisafi. Habari ya kuloweka chumvi na siki nimeijaribu mara nyingi. Kwa rangi za kiwandani haizuii kitu.

Likabaki pande moja la njano, lile moja tu, kila ukitazama jicho linakwenda palepale. Ama ulitoe, ama ulitafutie wenzake. Niliagizwa nisitupe, basi nikalikata vipande vitatu vidogo nikavishona juu ya miraba mitatu iliyo mbalimbali, kama mafiga. Lingekuwa khanga ningeligeuza tu, upande wa nyuma umepauka kidogo na mara nyingi hiyo inatosha. Kitenge cha nta hakigeuziki, rangi imezama pande zote mbili. Na nyeupe inayochoma macho naitia kwenye chai ya rangi iliyokolea, robo saa, nasuuza.

Mama alipokuja kuchukua mzigo wake alizunguka kitanda mara mbili bila kusema neno. Kisha akagusa ile mistari myeusi.

"Hii nini, fundi?"

"Kaniki, mama."

"Kaniki ya waganga?" Akacheka mpaka akakaa. "Basi baba watoto akilala hapa, hatoki tena."