Jamii Iliyokatwa na Mpaka: Maana ya Dhana Hii

Jamii iliyokatwa na mpaka ni watu wa lugha moja na koo zilezile ambao mstari uliochorwa na dola za kigeni umewafanya kuwa raia wa nchi mbili au zaidi. Hawa si wahamiaji, kwa kuwa hawakuondoka kwao.

Hapa Uganda, mfano ulio wazi zaidi ni eneo la West Nile. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa ndani ya Lado, himaya ya kando ya Mto Nile iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Mwaka uliofuata Lado ikaingizwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikakabidhiwa Uganda. Kwa hiyo mtu aliyekaa palepale alipozaliwa alihesabiwa chini ya tawala tatu katika muda wa miaka mitano tu, bila kuhamisha hata chungu kimoja. Leo Wakakwa wamegawanyika kati ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo, na Walugbara na Waalur nao wana ndugu ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Upande wa mashariki, ambako ardhi ya Uganda ilifika hadi karibu na Naivasha kabla ya mwaka 1902, Wasamia na Iteso wana jamaa zao Kenya.

Uhuru haukuibadili mistari hiyo. Julai 1964, viongozi wa Afrika waliokutana Cairo waliahidi kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku kila nchi ilipojitawala, wakihofia vita visivyokwisha. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, ila naamini gharama yake waliachiwa watu wa mpakani, ambao hawakuulizwa wakati wa kuchora wala wakati wa kuthibitisha.

Gharama yenyewe huonekana katika mambo ya nyumbani. Njia ambayo maofisa huiita ya panya ndiyo hiyohiyo ambayo ukoo huipitia kwenda matangani au kupeleka ng'ombe wa mahari. Huonekana pia katika sheria: Katiba ya mwaka 1995 humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi, babu au bibi yake ni wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na Wakakwa na Wasamia wametajwa katika orodha yake. Binamu aliyezaliwa ng'ambo, hata akiwa wa babu mmoja na wewe, hahesabiwi kwa kifungu hicho. Kwa walio na ndugu Kongo jambo ni zito zaidi, kwa sababu katiba ya nchi hiyo hairuhusu uraia wa pili; bibi arusi anayetoka huko na kuolewa Arua, mji wa West Nile, akitaka uraia wa Uganda, itambidi auache ule aliozaliwa nao.