Pengo la jino na skrubu ya titani: maswali na majibu

Niling'olewa gego miaka mitatu iliyopita. Hata nikicheka pengo halionekani. Kwa nini nihangaike?

Kwa sababu ya mfupa, wala si kwa sababu ya sura. Mfupa wa taya huishi kwa kufanya kazi. Kila unapotafuna, mzizi wa jino huusukuma, nao hubaki imara. Mzizi ukiondoka, mfupa hunywea. Katika mwaka wa kwanza sehemu hiyo inaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na hasara kubwa hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Meno jirani nayo huanza kuinamia pengo, na lile lililokuwa likikutana na gego lako huteremka au hupanda taratibu kumtafuta mwenzake. Kwa hiyo ukitaka kipandikizi, yaani mzizi bandia wa kubeba jino jipya, usishangae daktari akikuambia mfupa uongezwe kwanza. Na wewe ambaye bado hujang'olewa, uliza habari za pengo kabla hujachomwa sindano ya ganzi.

Kipandikizi si kile cha uzazi wa mpango?

Jina ni moja, vitu ni viwili. Zile njiti za mkononi hutoa dawa mwilini. Kipandikizi cha jino hakitoi dawa yoyote: ni skrubu ndogo ya titani, mara nyingi yenye urefu wa milimita 8 hadi 13, inayozamishwa ndani ya taya ili ichukue nafasi ya mzizi.

Inashikaje bila gundi?

Mfupa wenyewe ndio unaoishika. Miaka ya 1950 daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, hakikutoka; mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka 1965 alimwekea mtu wa kwanza skrubu za aina hiyo tayani, na mtu huyo aliishi nazo zikifanya kazi zaidi ya miaka 40.

Lakini mfupa hauharakishwi. Kwa kawaida taya la chini husubiri kama miezi mitatu, la juu hata sita, maana mfupa wake ni laini zaidi. Wapo wanaoweza kuwekewa jino la muda siku ileile, iwapo skrubu imekaza vizuri na mfupa ni mzuri. Anayemwahidi kila mtu jino siku hiyohiyo, kabla hata ya kuona picha ya eksirei, mkimbie.

Kwenye bei nimeona "abatmenti" imeandikwa peke yake. Naongezewa gharama bure?

Hapana. Nafurahi umeuliza, kwani kipande hiki wagonjwa wengi hawaelezwi. Jino la kupandikizwa lina sehemu tatu: skrubu iliyo ndani ya mfupa, jino bandia linaloonekana, na katikati yake abatmenti, yaani kiungo kinachopita kwenye ufizi na kuziunganisha hizo mbili. Bila hicho, skrubu imefukiwa tu kama msingi usio na nguzo.

Kwanza huwekwa kifuniko cha muda ili ufizi upone ukikizunguka na kupata umbo zuri. Baada ya wiki chache hutolewa, vipimo vinachukuliwa, kisha abatmenti yenyewe inafungwa kwa spana maalumu yenye kipimo cha nguvu. Ikilegea italeta shida. Ikikazwa kupita kiasi inaweza kukatika.

Kwa magego titani inatosha. Kwa meno ya mbele, hasa kama ufizi wako ni mwembamba, rangi ya chuma inaweza kuonekana kama kivuli cha kijivu, na hapo madaktari wengi hupendelea zirkonia, ambayo ni nyeupe. Uliza pia kama jino litafungwa kwa skrubu au litabandikwa kwa saruji ya meno. Mimi napendelea la skrubu panapowezekana: linafunguka likihitaji matengenezo, na hakuna mabaki ya saruji ya kujificha chini ya ufizi na kuutia uvimbe.

Siku moja likianza kucheza, usikate tamaa wala usiendelee kulitafunia. Mara nyingi kilicholegea ni skrubu ndogo ya abatmenti, si ile ya mfupani. Wahi ikazwe.

Nina kisukari. Nimekosa?

Hujakosa, mradi sukari imedhibitiwa. Isipodhibitiwa, kidonda huchelewa kupona na mfupa unaweza kukataa kushika. Sigara nayo ni adui wa kweli wa kazi hii. Kama unatumia dawa za kuimarisha mifupa, au umewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, mwambie daktari hata asipokuuliza. Kijana ambaye taya lake bado linakua asubiri.

Kuwekwa kunauma?

Unapigwa ganzi, kama ya kung'olewa. Uvimbe na maumivu ya siku chache baadaye ni kawaida.

Na nisipoweza kulipa?

Daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno jirani, na meno ya kuvaa na kuvua bado ni tiba halali, na yakitengenezwa vizuri unakula bila shida. Daraja la kawaida, hata hivyo, hulazimu meno jirani yachongwe, hata yakiwa mazima. Usikope kwa ajili ya skrubu huku meno mengine yanaoza; ziba hayo kwanza.

Likishawekwa, halitoboki tena, sivyo?

Halitoboki, lakini ufizi na mfupa unaolizunguka huugua. Jino la asili limezungukwa na nyuzi laini zinazokuonya mapema. Hili halina, kwa hiyo mfupa unaweza kuliwa bila wewe kusikia maumivu. Piga mswaki mara mbili kwa siku, pitisha uzi au kiburashi chembamba kuzunguka shingo ya jino, na rudi kliniki likaguliwe hata kama huumwi. Ukiona damu unapopiga mswaki, ufizi mwekundu, usaha au ladha mbaya mahali hapo, nenda wiki hiyohiyo.