Je, wajua kwa nini muuzaji mwenye namba 800 kwenye WhatsApp hutazamwa na watu 60 tu?

Jumamosi moja yaya wangu (huku Lubumbashi yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto) aliniwekea simu yake mapajani kama mtu anayerudisha mzigo mbovu dukani. Yeye anauza vitenge karibu na soko la Kenya (hapa Kenya ni mtaa wa mji wetu, si nchi).

"Angalia mwenyewe. Niko na namba mia nane humu. Statu ya jana imetazamwa na watu sitini. Hao wengine wamelala?"

Statu ndiyo ile sehemu ya WhatsApp ambapo unatia picha au video na baada ya saa 24 inajifuta. Wenzetu wa Dar es Salaam huiita stetasi. Kwa mfanyabiashara mdogo wa mji huu, hilo ndilo dirisha la duka: halina kodi wala wa kudai rushwa, na mvua ya Januari hailifikii. Ndiyo maana swali la yaya lilinikaa kichwani. Watu 740 wamekwenda wapi?

Hawakulala. Wengi wao hata hawakuletewa ile picha.

WhatsApp haimwonyeshi mtu statu yako kwa sababu tu wewe una namba yake. Na yeye lazima awe amehifadhi namba yako katika simu yake. Upande mmoja ukikosa, picha haivuki. Na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu mazungumzo ya kawaida hayana sharti hilo. Mteja anaweza kukuandikia leo, mkapatana bei, akakutumia pesa kwa M-Pesa au Airtel Money, akapokea kitenge chake, mkasalimiana hadi sikukuu, na siku zote hizo wewe kwake ni tarakimu tupu zinazoanza na 243. Hajaandika jina lako popote. Kwake hakuna kilichopungua, maana akikuhitaji atapekua mazungumzo ya zamani. Kwako kimepungua kitu kikubwa: hatajua kamwe kwamba mzigo mpya umefika.

Tulianza kupitia orodha yake jina kwa jina, na mambo yakajieleza. "Mteja Katuba". "Mteja mume wake polisi". "Kitenge ndege bluu". "Mama wa harusi Ruashi". Yaya alikuwa mwaminifu sana wa kuhifadhi watu. Kila aliyeuliza bei, hata mara moja, aliingia humo. Lakini ni wangapi kati yao walimhifadhi yeye?

"Sasa kwa nini wanihifadhi?" akasema, na akanyamaza kidogo, kwa maana alikuwa amejijibu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini WhatsApp waliweka komeo pande mbili. Fikiria ingekuwa kinyume. Mtu yeyote angekusanya namba elfu tano, kwa kuzinunua au kuzinakili kwenye makundi, akaamka asubuhi na kumwaga matangazo yake mbele ya macho ya watu wasiomjua. Statu ingegeuka jalala ndani ya wiki moja. Kumhifadhi mtu ni kama kumwambia karibu ndani, na programu hiyo inangoja neno hilo kutoka kwako kabla ya kumruhusu apite. Ajabu ni kwamba WhatsApp yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya statu. Mwaka 2009 wazo lake la kwanza lilikuwa kuonyesha maneno machache pembeni mwa jina la mtu: niko kazini, betri inakwisha. Ujumbe ulikuja baadaye. Statu ya picha, hii ambayo leo inauza vitenge, iliingia Februari 2017, na kufikia hapo Facebook ilikuwa imekwisha kuinunua WhatsApp tangu 2014.

Kuna njia ya kupima nani amekuhifadhi bila kumuuliza. Ni orodha ya kutangazia, ile inayokuruhusu kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 bila kuwaweka kundi moja. Nayo inafuata sharti lilelile: humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Tulituma salamu fupi kwa watu mia moja, tukaacha siku mbili zipite, kisha tukafungua maelezo ya ujumbe ule kuona umefika kwa nani. Asiyefikiwa baada ya siku mbili, mara nyingi ama simu yake imezimwa au haina mtandao, ama wewe kwake ni tarakimu tupu. Sitakupa hesabu ya yaya, ni siri ya biashara yake. Nitasema tu kwamba alivua kilemba akajipepea nacho.

Haki itendeke pia kwa wale 60, kwa sababu pengine walikuwa zaidi. Mtu aliyezima alama za bluu za kusomwa anaweza kutazama statu yako na jina lake lisitokee kwenye orodha ya waliotazama. Huku wapo tele, hasa wenye madeni. Halafu kuna walionyamazisha statu zako bila kukuambia. Kuna na suala la mega, yaani bando la intaneti. Watu wengi hapa hununua mega za siku moja, wengine za usiku tu, na mtu mwenye mega za kuhesabu hafungui statu 25 za mtu mmoja. Ile mistari midogo juu ya picha ikishakatikakatika hadi kuwa vinukta, mteja anajua ni hotuba, anaruka. Yaya alikuwa anatia kila pisi (kitenge kizima) kwa upande wake, na pisi moja pande tatu. Nilimwomba achague nne kwa siku. Alikataa. Tukapatana sita.

Mbona asifungue ukurasa wa Facebook, ambako hakuna habari ya kuhifadhi namba? Anao. Una watu wengi waliobofya kuupenda, na picha zake huko hupata mioyo mitatu, mmoja wao wangu. Mwezi Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza wazi kwamba Facebook itatanguliza mbele ya macho ya mtu yale yanayotoka kwa marafiki na ndugu zake, na kupunguza ya biashara na kurasa. Kwa hiyo mwenye ukurasa hulipa ili aonekane, na malipo hayo kwa kawaida hudai kadi ya benki, wakati pesa ya yaya inakaa kwenye simu na kwenye kitambaa alichofunga kiunoni. Facebook kwake ni njia ya kupata mgeni mara ya kwanza. Mgeni akishamwandikia, kazi inahamia WhatsApp.

Kuna kundi la watu walioelewa hesabu hii ya namba kabla yetu sote: makomisioneri. Ni vijana wasio na mzigo hata wa pisi moja. Wanachukua picha za yaya, wanazitia kwenye statu zao, wanaongeza dola zao mbili juu ya bei, na mteja akikubali wanakuja mbio kuchukua kitenge na kukipeleka kwa pikipiki. Zamani nilidhani wanamnyonya. Sasa naona wanamuuzia kitu asichokuwa nacho, yaani watu waliohifadhi namba zao: wanafunzi wenzao, wanakwaya wenzao, majirani wa Kampemba ambao yaya hatakaa akawajua. Kero yangu ni moja tu, kwamba wanakata picha ili jina lake lisionekane.

Jambo jingine linalokula watazamaji, na hapa sina subira, ni "bei inbox", yaani kuficha bei ili mteja aiulize kwa ujumbe. Najua sababu zake. Bei ya kitenge hapa huhesabiwa kwa dola na kulipwa mara nyingi kwa franka, na kiwango cha asubuhi si lazima kiwe cha jioni. Jirani wa meza ya pili naye anachungulia statu yako ili auze kwa kupunguza nusu dola. Na soko letu ni la kupatana, mtu hataki kufunga mlango kwa tarakimu. Sawa. Lakini anayetazama kwa mega za kuhesabu hatauliza. Atadhani ni ghali, atapita. Yaya siku hizi anaandika bei ya dola na kuongeza maneno mawili, "tunaongea". Wanaoandika "tunaongea kiasi gani?" ni wengi kuliko waliokuwa wakiandika "bei?".

Kuhusu picha nitasema kidogo tu, maana wengi wanajua. Kitenge hakipigwi picha usiku chini ya balbu, rangi ya chungwa inageuka kahawia na mteja atakuja kudai umembadilishia. Yaya hutundika pisi yake ya yadi sita kwenye mlango wake wa bluu asubuhi, jua likiwa bado la pembeni, na huacha mkono wake uonekane umeshika upindo ili ukubwa wa maua ujulikane. Pale umeme unapokatika usiku kucha, simu inaamka haina chaji na jua zuri linapita bure. Hilo sijampatia dawa.

Kwa vitu visivyoisha haraka alihamia WhatsApp Business, ile programu ya wafanyabiashara iliyotoka mwaka 2018, kwa sababu ya katalogi yake, yaani orodha ya bidhaa na picha zake. Katalogi haifutiki baada ya saa 24, na mtu huifungua hata kama hajahifadhi namba. Lakini lazima aje mwenyewe kuifungua. Statu humfuata mteja alipo, na ndiyo maana tulirudi kwenye ile kazi ya kuhifadhiwa.

Sasa yaya haombi tena kwenye statu kwamba "hifadhini namba yangu". Wanaoliona tangazo hilo ni wale ambao wamekwisha kuihifadhi! Anaomba ana kwa ana, wakati mteja yuko mbele yake na anahesabu pesa, kabla kitenge hakijaingia kwenye mfuko.

"Mama, toa simu. Andika namba yangu, nikileta mzigo kutoka mpakani Kasumbalesa uwe wa kwanza kuona."

"Niandike jina gani?"

"Andika utakalokumbuka."

Juzi alimwomba mama mmoja wa Kamalondo amwonyeshe amemwandikaje. Mama akageuza simu huku akicheka. Ilikuwa imeandikwa: "Vitenge mlango bluu asiyepunguza".

"Iache hivyo," yaya akasema, akampunguzia franka mia tano.